Dereila ya nyuma: hesabu meno kabla ya kununua

Ukiulizia dukani dereila ya nyuma ya baiskeli ya mlimani, kile kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine, muuzaji atakuuliza ina gia ngapi. Saba? Nane? Tisa? Ukishamjibu anakushushia boksi. Swali ni la maana, ila limebakiza jambo moja kubwa: urefu wa mkono, yaani kile kipande kinachoning'inia chini chenye vigurudumu viwili vya plastiki. Urefu huo haufuati idadi ya gia. Unafuata idadi ya meno.

Kazi ya mkono ni kumeza cheni inayozidi. Pingili moja ya cheni ina milimita 12.7, na cheni huikumbatia sproketi (gurudumu la meno) kwa karibu nusu ya mzunguko wake, kwa hiyo kila jino linalopungua huachia takriban milimita 6.35. Baiskeli yenye tofauti ya meno 43 ina kama sentimita 27 za cheni ambazo wakati fulani zinahitajika zote, na wakati mwingine hazina kazi. Mkono mfupi hauna pa kuziweka.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la pili. Mbele, toa sproketi ndogo kwenye kubwa. Nyuma, fanya vivyo hivyo. Jumlisha. Idadi ya meno mara nyingi imegongwa ubavuni mwa sproketi. Kama imefutika, piga chaki jino moja uanzie hapo kuhesabu.

Tuchukue baiskeli ya meno 42-34-24 mbele, na friwili (rundo la sproketi za nyuma) ya 14 hadi 28. Mbele ni 18, nyuma 14, jumla 32. Mkono wa kati unatosha. Mwenye baiskeli amechoka na vilima, anafunga friwili ya 14 hadi 34: jumla imeruka hadi 38, na dereila iliyokuwa haina shida jana leo huenda haitoshi. Mbele ikiwa 44-32-22 na nyuma kaseti (nayo ni rundo la sproketi za nyuma) ya 11 hadi 34, unafika 45, na hapo hata baadhi ya mikono mirefu inaishiwa. Shimano TY300, kwa mfano, ni ya mkono mrefu lakini uwezo wake, yaani jumla kubwa kabisa inayoweza kumeza, ni meno 43.

Kwa Shimano, SS ni mkono mfupi, GS wa kati, SGS mrefu. Kama herufi hazionekani, weka rula kutoka katikati ya kigurudumu cha juu hadi katikati ya cha chini. Karibu milimita 55 ni mfupi, 75 wa kati, 90 na kitu mrefu. Namba ya modeli, inayoanza na RD, huwa imegongwa mgongoni mwa dereila. Hiyo ndiyo ya kutafutia uwezo kamili.

Sasa mtego ambao hata mafundi wazuri huingia: mkono mrefu si ruhusa ya sproketi kubwa. Sproketi kubwa kabisa ambayo dereila inaweza kupanda inaamuliwa na umbo la mwili wake wa juu. Hiyo TY300 mwisho wake ni meno 34. Ukiifungia kaseti ya 42, kigurudumu cha juu kitasugua sproketi, na hata ukikaza skrubu ya B hadi mwisho bado kitasaga. Skrubu hiyo ni ya kuacha nafasi ya milimita 5 au 6 kati ya kigurudumu na sproketi kubwa, basi. Soma namba mbili kwenye boksi, ya uwezo na ya sproketi kubwa kabisa. Zote mbili zikubali.

Baiskeli ya sproketi moja mbele ni habari nyingine. Tofauti ya mbele ni sifuri, kwa hiyo kaseti ya 11 hadi 42 inadai meno 31 tu. Hapo mkono wa kati ndio mzuri: hauburuzi karibu na mawe, na cheni hairukiruki sana kwenye mteremko. Ila kaseti ya 10 hadi 51 inadai 41, na unarudi kwenye mkono mrefu upende usipende.

Je, umepungukiwa meno mawili matatu na dereila ndiyo hiyo hiyo? Inavumilika, kwa sharti moja: upungufu uangukie upande wa ndogo kwa ndogo (sproketi ndogo mbele na ndogo nyuma). Cheni ikilegea pale itapiga kelele na kugusa mkono, na gia hiyo hakuna sababu ya kuitumia. Usifanye kinyume, ukakata cheni ili isilegee. Siku utakayopanda kilima ukaingiza kubwa kwa kubwa kwa bahati mbaya, cheni itakosa urefu, itaivuta dereila mbele, itapinda sikio la fremu (kipande kinachoshikilia dereila), na mkono utaingia kwenye spoku. Hapo unanunua dereila, sikio, na pengine gurudumu.

Kwa baiskeli ya sproketi mbili au tatu mbele, pima cheni hivi: izungushe sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye dereila, tafuta mahali ncha zinapokutana, ongeza pingili mbili, kata. Ukishafunga, inua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli kwa mkono polepole, panda gia moja moja. Kabla ya kuingia kubwa kwa kubwa simama utazame: mkono uwe bado na mkunjo kidogo. Ukiona umekaribia kunyooka, rudi. Baiskeli yenye shokapu ya nyuma itoe upepo kwanza uikandamize hadi mwisho, maana kwenye fremu nyingi cheni huvutika zaidi ikibonyea.

Na lile swali la muuzaji? Dereila za Shimano za gia 7, 8 na 9 huvuta waya kwa kipimo kimoja, zinabadilishana bila tatizo. Ya gia 10 ya mlimani haichanganyiki nazo. Angalia pia inavyofungwa: nyingine zinakuja na kibati cha kubanwa na ekseli, nyingine zinaingia moja kwa moja kwenye tundu la sikio kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 5. Mwonyeshe muuzaji ile ya zamani kabla hajafungua boksi.