Nikiacha sigara kilo zinapanda, sasa bora lipi?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Lindi mjini, umri 41, urefu sentimita 168. Navuta pakiti moja kwa siku tangu nina miaka 20. Mwaka juzi mfungo wa Ramadhani ulinisaidia nikaacha kabisa, nikakaa miezi minne sijagusa, ila nilitoka kilo 70 nikafika 77, suruali zangu nimezitanua kiuno mwenyewe mara mbili. Mzee wangu alikuwa na kisukari na kila siku tunaambiwa unene ndio unaleta sukari, nikaogopa nikarudi kwenye sigara. Saa hizi nina kilo 75. Naomba jibu la kitaalamu, kwa mtu kama mimi kipi hatari zaidi, sigara au hizi kilo? Na je nikipunguza hadi tatu kwa siku, si nitakuwa nimepata afadhali pande zote?

JIBU: Fundi wangu salama kabisa, na ahsante kwa kuleta vipimo kamili, maana wengi wanaonifuata hapa Mtwara na swali kama lako wanasema tu dokta nimenenepa balaa, ukimpandisha kwenye mzani kumbe kilo mbili.

We ni mtu wa tepu kwa hiyo tufanye hesabu. Kuna kipimo kinaitwa BMI, unachukua kilo zako unagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe, kwako ni 1.68 mara 1.68, inakuja 2.82. Ulipokuwa na kilo 70 BMI yako ilikuwa 24.8, uzito wa kawaida unaishia 25, yaani ulikuwa ndani kwa mlangoni. Ulipofika 77 ikawa 27.3. Hapo ndio tunasema uzito umezidi, ila bado sio unene ule wa hospitali, ule unaanzia 30, na kwa urefu wako 30 ni kama kilo 85.

Sasa ili tulinganishe sigara na kilo inabidi vyote tuviweke kwenye mzani mmoja, na mzani wenyewe ni miaka ya kuishi. Uingereza kuna madaktari walifuatiliwa kuanzia 1951 mpaka 2001, miaka 50 wanaangaliwa nani anavuta nani havuti na nani kafa lini, ikaonekana aliyevuta maisha yake yote anapoteza kwa wastani miaka 10 hivi. Upande wa uzito, mwaka 2009 walikusanya tafiti 57 zenye watu karibu laki tisa, wakakuta mwenye BMI ya 30 hadi 35 anapoteza kama miaka 2 hadi 4, na ili mtu apoteze miaka 8 hadi 10, yaani afanane na mvutaji, BMI inabidi ifike 40 na kuendelea. Chukua hiyo 40 uirudishe kwenye urefu wako. Ni kilo 113! Pale ulipoogopa ukakimbilia dukani kununua pakiti ulikuwa na 77, bado kilo 36 ili unene wako uweze kukaa meza moja na sigara. Huo ni wastani wa watu wengi, sio mkataba na mtu mmoja mmoja, ila tofauti ni kubwa kiasi kwamba hata ukiikosea kidogo jibu halibadiliki. Sigara ndio hatari zaidi kwako, na kwa mbali.

Na hao hao madaktari wa Kiingereza wametuachia kitu kingine kizuri, aliyeacha akiwa na miaka 40 hivi alirudishiwa kama 9 kati ya ile 10. Aliyesubiri hadi 60 akarudishiwa 3. We una 41.

Haya, kilo zilitoka wapi. Watu wanadhani ni ulafi tu lakini sio, nikotini inakanyaga mafuta ya injini ya mwili, moyo unakimbia, joto linapanda, mtu wa pakiti moja kwenda juu anaunguza kama kalori 200 zaidi kwa siku amekaa tu kwenye kiti anashona. Ukiacha, injini inarudi kwenye mwendo wake wa halali. Kalori 200 kwa lugha ya huku kwetu ni korosho ishirini na kitu, ngumi moja ya mtu mzima haijajaa vizuri, wewe unajua mwenyewe ngumi moja ya korosho inachukua dakika ngapi. Juu ya hapo hamu ya kula inarudi, ulimi unaanza kusikia ladha upya, samaki wa nazi aliyekuwa wa kawaida unaona leo mama watoto kapika nini, alafu kuna mkono, mkono uliozoea kupeleka kitu mdomoni mara mia na zaidi kwa siku haukubali kukaa bure.

Kwa wastani anayeacha anaongezeka kilo 4 hadi 5 ndani ya mwaka. Katika kila watu 100 wapo kama 16 wanaopungua, na 13 wanaozidi kilo 10, kwa hiyo kilo 7 zako ziko juu ya wastani ila sio maajabu. Ila hapa ndio pa kuangalia fundi, kilo nyingi zinaingia miezi mitatu ya kwanza baada ya hapo mwendo unapungua. We umekaa minne! Yaani mlima umeupanda wote, umefika juu kwenye tambarare, ukageuka ukashuka upande uliotokea. Na faida ya kurudi ni nini, kilo mbili. Kutoka 77 hadi 75 ndio bei uliyouzia miezi minne ya mapafu. Samahani sikusimangi, mi mwenyewe nilivuta miaka ya chuoni na nilirudi mara mbili kabla sijaacha, kwa hiyo najua akili inavyotafuta sababu yenye heshima ya kurudia, na afya ndio sababu yenye heshima kuliko zote.

Hofu yako ya kisukari sasa, hiyo siipuuzi kwa sababu ya mzee. Ni kweli unene unachangia. Ila nani alikwambia sigara inakinga? Mvutaji ana hatari ya kupata kisukari kubwa zaidi ya asiyevuta kwa asilimia 30 hadi 40, maana sigara inafanya insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, isisikilizwe vizuri na mwili, tena inapeleka mafuta tumboni. Unaweza kumwona mvutaji mwembamba mikono na miguu lakini kitambi kipo kimejificha ndani kinazunguka ini na utumbo, na hicho ndio kibaya kuliko nyama za makalio. Kuna ukweli mwingine nikuambie bila kuficha, utafiti wa Marekani uliotoka 2018 ulionyesha kwamba wanaoacha na wakanenepa hatari yao ya sukari inapanda kidogo kwa muda, kilele miaka ya 5 hadi 7, alafu inashuka. Wasionenepa haikupanda. Lakini vifo vya moyo na vifo kwa jumla vilipungua kwa walioacha wote, walionenepa na wasionenepa. Na ukija kupata sukari huku unavuta ndio msiba, sukari inaharibu mishipa na sigara inaharibu hiyo hiyo mishipa, miguu ndio inaumia, wale unaowaona wamekatwa mguu kwa ajili ya kidonda cha kidole.

Kwa hiyo kabla hujaanza nenda kituo cha afya asubuhi hujala kitu pima sukari. Chini ya 6.1 mmol/L sawa, kati ya 6.1 na 6.9 uko mpakani, 7 na kuendelea wanarudia kupima siku nyingine na ikijirudia ndio ugonjwa. Pima na presha hapo hapo.

Kuhusu sigara tatu, ningependa nikwambie inasaidia nusu kwa nusu ila moyo hauhesabu hivyo. Anayevuta moja tu kwa siku anabaki na karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya moyo aliyonayo anayevuta 20. Moja. Tena kwa aliyezoea pakiti nzima, hizo sigara tatu zinageuka kuwa kama sikukuu, unazingoja siku nzima na unazivuta mpaka kwenye kichungi. Na usihamie ugoro wala shisha ukadhani umetoka, ugoro una kansa yake ya mdomo na shisha ni moshi ule ule wa tumbaku uliopitishwa kwenye maji.

Sasa namna ya kuacha bila kuvimba. Ukimudu kutembea kwa haraka robo tatu ya saa kwa siku unaziunguza zile kalori 200 zilizokuwa zinaunguzwa na nikotini, kwa Lindi alfajiri ufukweni pale upepo ukiwa mzuri wala sio adhabu. Usianze na dayati kali siku hiyo hiyo, njaa na arosto ya sigara vikikutana utavunja vyote viwili ndani ya wiki.

Soda iache kabisa kwa miezi hiyo, chupa moja ina sukari kama vijiko tisa vidogo na haishibishi. Kwa mkono na mdomo tafuta kitu cha kutafuna kirefu kisicho na mafuta, karoti, embe bichi, mua kipande sio fundo zima, ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha ikiwepo maana kuimenya tu ni kazi ya dakika kadhaa na hamu moja ya sigara ikikubana inapita ndani ya dakika tatu hadi tano. Korosho zihesabu uweke kwenye kisahani, usikae na mfuko.

Alafu kahawa, hii wengi hawaijui. Moshi wa sigara unalifanya ini livunje kafeini haraka sana, ukiacha sigara ini linapunguza kasi na kahawa ile ile uliyozoea inakaa kwenye damu kama mara mbili yake. Kwa hiyo mtu ameacha sigara wiki ya kwanza, anakaa kijiweni anapiga vikombe vinne kama kawaida, mikono inatetemeka, moyo unadunda, usingizi hakuna, anasema sigara ndio inanidai, kumbe nusu ya hilo deni ni la kahawa. Kata vikombe nusu. Na kashata yake pembeni pia, hiyo ni sukari tupu na nazi.

Uraka je, ile pombe ya mabibo ya korosho, kama unatumia. Usipange kuacha sigara mabibo yanapoanza kudondoka na hela za mnada wa korosho zinapoingia, pombe ikiingia kichwani ile ahadi haipo. Ramadhani ilikufaa kwa sababu hiyo hiyo, kila mtu aliyekuzunguka alikuwa havuti mchana, na ulishagundua unaweza kukaa kutoka alfajiri hadi magharibi. Tatizo ni ile sigara ya kufuturia.

Kuna bazoka za nikotini, ulizia famasi kubwa, zisipokuwepo waombe waagize Dar. Zinasaidia kuacha na wakati unazitumia kilo zinapanda polepole. Kama sigara ya kwanza unaivuta ndani ya nusu saa tangu uamke chukua za miligramu 4, kama ni baadae 2 zinatosha. Haitafunwi kama bazoka ya duka, unatafuna mpaka iwashe kidogo unaibana shavuni, ikiisha kuwasha unatafuna tena, ukimeza mate yake mfululizo utapata kiungulia na kwikwi utazitupa zote. Vidonge navyo vipo, kama bupropion, ila hivyo ni vya kuandikiwa na daktari na mwenye kifafa hatakiwi kuvigusa.

Siku tatu za mwanzo ndio kali, hasira, kichwa, choo kigumu, wiki tatu nne inatulia. Kikohozi kinaweza kuzidi kidogo, usishtuke, ni mapafu yanafagia.

Mzani upande mara moja kwa wiki basi. Mi ningekuwa wewe ningetegemea ile tepu ya shingoni, pitisha usawa wa kitovu baada ya kutoa pumzi, kwa mwanaume tunaanza kuwa na wasiwasi inchi 37, sentimita 94. Ukiwa chini ya hapo kilo tatu nne za kuachia sigara zivumilie mwaka huu, mwakani tunazishughulikia. Na suruali usizitanue zote safari hii, tanua mbili za kazini, zingine ziache zikusubiri.