Bosi akipunguzwa makali, sisi wakongwe tumeibiwa?

SWALI: Habari kaka mhariri, pole na majukumu. Mimi ni shabiki wa gemu za FromSoftware, wale watengenezaji wa gemu ngumu, tangu Dark Souls ya kwanza ile ya 2011 na nimefika nazo mpaka Elden Ring. Kuna mambo mawili yananisumbua. Kila gemu ikitoka watu wanalia ni ngumu, halafu unasikia apdeti imeshuka bosi (yule adui mkubwa) kapunguzwa makali, mfano yule Radahn wa mwisho kwenye Shadow of the Erdtree, nyongeza ya Elden Ring, sasa sisi tuliompiga akiwa mzima tuonekane tulikuwa tunajitesa bure? La pili ni kinyume chake, vidole vyangu havina tena spidi ya zamani, naogopa gemu yao ijayo itanishinda kabisa. Je wataweka modi ya rahisi, na wakiweka utamu si umeisha? (Shabiki wa siku nyingi)

JIBU: Mdau, nimecheka maana unaogopa iwe laini na unaogopa iwe ngumu kwa wakati mmoja, ila nakuelewa vizuri tu.

Tuanze na Radahn. Nyongeza ile ilitoka Juni 2024, apdeti ya kumgusa ikaja Septemba, kwa hiyo aliyemtaka na makali yake yote muda alipewa. Na angalia walichogusa, damage, yaani madhara, ya baadhi ya mapigo ilishuka ndiyo, lakini pia ile mianga yake iliyokuwa inajaa skrini mpaka humuoni mwenyewe waliifanya isomeke. Mimi hapo siwalaumu hata kidogo, kufa kwa pigo ambalo hukuliona unajifunza nini sasa?

Halafu wakongwe tunasahau kitu kimoja, hizi gemu zimekuwa zinalainishwa miaka yote mbele ya macho yetu na hatukulalamika. Kwenye Dark Souls ya kwanza ukifa kwa bosi unarudishwa kwenye moto wa kupumzikia uliowasha mwisho, huko mbali, unakimbia njia nzima na maadui wadogo wanakufukuza, ukifika mlangoni ushachoka na hasira juu, na ukifa tena kabla hujaokota souls zako (ndizo pesa za kupandishia levo) ndio basi zimepotea. Elden Ring wakaweka zile sanamu za Marika karibu na mabosi wengi, unafufukia hapo hapo unaingia tena. Kuna mtu alisema Malenia, bosi wa humo humo Elden Ring, amekuwa mteremko? Yule anayejirudishia damu kila akikugonga, hata ukikinga na ngao! Walichopunguza ni gharama ya kufa, pambano lenyewe limebaki la moto.

Modi ya rahisi sijui kwa nini inatutisha hivi. Gemu ya Celeste ya 2018 inakuruhusu kupunguza spidi ya gemu au hata usife kabisa, na bado inatajwa kwenye gemu ngumu. Gemu ya Hades ndio wameniweza zaidi, ukiwasha God Mode, modi yao ya kusaidia, unapata kinga ya asilimia 20 dhidi ya damage, kila ukifa inaongezeka 2, yaani gemu inakusogelea taratibu. Naipenda kuliko ile ya kukuuliza mwanzoni kabisa uchague rahisi au ngumu wakati hata adui wa kwanza hujamwona.

Mimi hofu yangu iko kwingine, kwenye mapigo ya kuchelewesha. Margit, bosi wa mwanzoni kwenye Elden Ring, ananyanyua fimbo, anaishikilia juuu, anasubiri u-roll (ujiviringishe kukwepa) ndio aishushe. Hiyo imetengenezwa kututega sisi wenye mazoea, na mgeni anaumia humo humo. Wakizidisha hapo nitaungana na wanaolia.

Kuhusu vidole, inategemea ijayo itafuata staili gani. Ikiwa kama Sekiro, gemu yao nyingine ambayo huwezi kuita msaada wala kupandisha levo ukarudi na ubabe, hapo kweli jiandae. Ikiwa kama Elden Ring usiwe na presha, ita Mimic Tear, yule roho anayejigeuza nakala yako, akusaidie, beba ngao kubwa kabisa na silaha ya kuchoma unayoweza kutumia huku umekinga, hata huyo Radahn watu wengi wamemmaliza hivyo hivyo, choma, kinga, choma, na zawadi ni ile ile.