Nilimnyonyesha huku nimeugeukia ukuta

Mwanangu wa pili alizaliwa mwezi Julai, wakati upepo wa Dodoma unapopeperusha vumbi hadi ndani ya chandarua, na kwa wiki kadhaa nilimnyonyesha kila alipolia pasipo kumtazama usoni. Titi nilimpa, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kalenda ukutani, nikihesabu zile siku 84 za likizo ya uzazi. Kwa kuwa mtoto alikuwa akiongezeka uzito, nyumbani waliamini mambo ni shwari, nami sikuwapinga.

Sikuwa mtu wa kulia. Nilikuwa silali hata mtoto alipolala, uji wa uwele niliopikiwa na mama mkwe uliganda utando kikombeni, na niliamini kabisa kwamba mtoto huyu angestahili mama mwingine. Machozi ya siku za mwanzo huwapata wazazi wengi na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Hali inayozidi hapo, hasa ikiambatana na kukosa usingizi, hamu ya chakula na kujilaumu, huenda ikawa sonona baada ya kujifungua, ambayo ni ugonjwa na ina matibabu.

Aliyenizindua ni mama mkwe. Alimpakata mjukuu wake, akamwongelesha Kigogo, mtoto akatabasamu. Nikauliza ameanza lini.

"Juzi juzi hapa, mama. Kwani wewe hujamwona?"

Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, yaani kutoka titini hadi usoni mwa anayemnyonyesha, na ni katika uso unaomjibu ndipo anapoanza kujifunza kutulia. Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani aliwaomba akina mama wawakabili watoto wao kwa dakika chache bila kuonyesha hisia yoyote usoni; watoto walijaribu kuwachangamsha, wakashindwa, wakageuza nyuso. Nilipoisoma habari hiyo nilijilaumu upya, mpaka nilipozingatia kwamba mama alipochangamka tena, watoto nao walianza kurejea. Zaidi ya hayo, uso huo si lazima uwe wa mama peke yake: wa baba, bibi au shangazi pia hufaa wakati mama anapotibiwa.

Kliniki ya wiki ya sita nesi aliuliza habari za mtoto tu, kwa hiyo ukienda, sema mwenyewe bila kusubiri kuulizwa. Mimi niliogopa kwa sababu huku kwetu jina la Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, tumeligeuza kejeli. Kejeli hiyo ni yetu, na inatunyima huduma iliyo jirani.

Usiache kunyonyesha wala dawa kwa uamuzi wako, kwani zipo dawa za sonona ambazo daktari anaweza kumpa anayenyonyesha. Wala usikubali kuambiwa kwamba kunyonyesha peke yake kutakuponya. Chuchu zangu zilikuwa zimechubuka, na kila mtoto alipolia nilikaza meno, hadi nilipoelekezwa kumwingiza kinywani sehemu kubwa ya weusi wa titi badala ya chuchu tupu. Kilichonisaidia zaidi, pamoja na matibabu, ni mama mkwe kumchukua mtoto kila alipomaliza kunyonya usiku, nikalala saa nne mfululizo.

Lakini ukijiwa na wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu saa hiyo hiyo, akupeleke hospitali siku hiyo hiyo, na asikuache peke yako njiani.