Jumamosi Yangu Niliikomboa kwa Nazi Mbili

Jumapili iliyopita mama mkwe wangu alisogeza sahani yake karibu na sinia akasema, "Nitilie tena wali, mwanangu."

Maneno manne. Nimeyangoja miaka mitatu.

Kwa mnaonisoma leo mara ya kwanza, kisa ni hiki. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa pili, nami nikajitia ubingwa: leo jiko ni langu, nawapikia wakwe samaki wa kupaka na wali wa nazi. Mtoto gani wa Amu, yaani Lamu, asiyejua samaki wa kupaka? Ladha naijua tangu sijaota meno. Kumbe kujua ladha ni jambo moja na kujua kupika ni jambo jengine, na mimi nilikuja kulijua hilo mbele ya watu.

Asubuhi ile ya Jumamosi nilivuka hadi Mokowe, gatini upande wa bara, kupeleka mzigo wa shemeji kwenye basi la Mombasa. Niliporudi nikapitia kwa fundi wa bomba, sikumkuta. Nikaenda kumwingizia ami yangu tokeni za stima kwenye mita, maana tarakimu hazioni. Kutoka hapo nikabeba mtungi wa gesi wa jirani. Saa sita kasoro ndiyo nakaa juu ya mbuzi naanza kukuna nazi, jasho linanitoka, na wageni wanakuja saa saba. Tui la kwanza na la pili nikalichanganya pamoja kuokoa wakati. Moto nikaupepea ukawaka kama wa mhunzi. Nikamimina tui, nikakamua ndimu juu yake likiwa linatokota, halafu simu ikalia. Shemeji anauliza mzigo umefika?

Kurudi jikoni, tui limekatika. Mafuta yako juu, maji yako chini, na katikati vinaelea vipande vyeupe kama povu la sabuni. Wali nao ulikuwa umeungua chini, na juu bado una kiini.

Mama mkwe alitazama bakuli kwa muda. Kisha akamgeukia binti yake, wala si mimi, akauliza, "Huu ni mtuzi au ni mayi ya kuoshea samaki?"

Walicheka wote. Hata mke wangu alificha uso kwa mtandio. Mimi nilicheka pia, lakini hadi leo nikilala vibaya nalisikia lile swali.

Amu mji mdogo. Alasiri tu habari ilikuwa imefika barazani, na binamu yangu mmoja akasema mbele za watu kwamba siku hizi nimefungwa leso. Sikumjibu siku ile, nitamjibu hapa. Bwana wee, pilau ya harusi unayoila mpaka unalegeza mshipi, hupikwa na nani? Si wanaume, na masufuria yao makubwa hata mtoto angeogea ndani, na kuni, na miko mirefu kama makasia? Ukiwa umealikwa, mpishi mwanamume ni fundi. Akiwa kwake na watoto wake, amefungwa leso. Haya.

Lakini nitasema kweli. Samaki wale sikuwaharibu kwa sababu mimi ni mwanamume, wala si mkono mbaya. Niliwaharibu kwa sababu ya Jumamosi yenyewe. Ngome yetu pale mbele ya Mkunguni ilikuwa jela hadi 1984, na nawaambia mimi kifungo changu kilikuwa Jumamosi. Wiki nzima nakwenda kazini upande wa bara, mashua ya asubuhi, mashua ya jioni. Jumamosi ikifika kila mtu ana kijambo chake kidogo kwangu. Kijambo kimoja hakina uzito, lakini sita ni mzigo wa punda. Wageni wakija hapa hutuambia, aah, Lamu hakuna haraka, mnaishi vizuri. Waambieni wanibebee mtungi mmoja kutoka Langoni mpaka juu huko.

Mwaka uliofuata siusimulii sana. Niliunguza, nikajaribu tena, nikaunguza. Aliyenitoa gizani ni bibi mmoja jirani yetu, ambaye hakunifundisha kipimo hata kimoja. Alikaa kwenye kigoda akanitazama nikikuna, akasema, "Nazi yakunwa polepole. Ukifika kwenye gome jeusi, wata." Yaani acha. Basi. Siku ya pili akaniambia nisilitie tui zito motoni kabla ya kila kitu kuwa tayari. Siku ya tatu akaniambia niache kumuuliza dakika ngapi.

Sasa wikendi iliyopita. Naieleza yote kwa sababu kuna msomaji wa Malindi aliniandikia wiki mbili nyuma: "Kaka, Jumatatu naamka nimechoka kuliko Ijumaa. Wewe wapata wapi muda wa kupika na kushona kofia?" Dada, soma hapa.

Jumamosi alfajiri, baada ya sala, nilishuka sokoni. Wakati huu kusi linavuma, mashua nyingi hazitoki, na samaki ni wachache na bei iko juu, kwa hivyo ukichelewa utakuta mafungu ya wadogo wenye miba tu. Nilipata samaki aina ya changu wawili, macho yao bado yana mwanga. Nikachukua nazi mbili, kila moja nimeitikisa sikioni kusikia maji yake. Ukwaju, pilipili, ndimu, kotmiri. Saa moja na nusu niko nyumbani, na mji ndio kwanza unapiga chai na mahamri.

Shughuli ya wikendi ilikuwa moja: kupeleka viatu vya mwanangu vikashonwe. Moja tu. Shemeji alipiga simu ana mzigo mwengine. Nilimwambia, "Shemeji, wiki hii siwezi, labda Jumanne jioni." Alinyamaza kidogo, akasema haya. Mbingu hazikuanguka. Miaka yote ile nilidhani zitaanguka.

Kutoka kwa fundi viatu nikaenda barazani na kofia yangu. Hii ni kofia ya vito, ya mkono, na nimekuwa nayo mwezi wa nane sasa. Asiyejua hudhani ni nakshi tu. Kofia ina duara la juu na ukuta unaozunguka kichwa, na kazi yote iko kwenye vitundu vidogo: unatoboa, unazungushia uzi kwa sindano, kitundu baada ya kitundu, mpaka ukiiinua juani mwanga unapita kwa mpangilio. Mzee mmoja pale, fundi wa miaka, aliichukua mkononi, akaipindua, akasema neno moja: "Fumua." Mistari mitatu! Kazi ya wiki tatu. Zamani ningekasirika. Jumamosi ile nilifumua pale pale huku nikisikiliza watu wanavyotukanana kwenye bao, na nakwambia sikumbuki siku niliyopumzika vile. Ndugu zangu, mikono ikiwa na kazi isiyo na tajiri, roho hutulia. Simu haifanyi hivyo. Umelala kitini na simu saa tatu unasema unapumzika, hupumziki, unachosha macho.

Jumapili ndiyo siku ya jiko. Samaki niliwachanja usiku, nikawapaka kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, chumvi na ndimu, wakalala. Asubuhi mke wangu alichagua mchele, mimi nikakuna nazi. Tui zito nikalikamua mwanzo nikaliweka kando limefunikwa. Kisha machicha nikayatia maji ya vuguvugu nikakamua tui jepesi. Wali unaanza na tui jepesi na chumvi. Linapotokota unatia mchele, na maji yakikaribia kukauka unamimina sehemu ya lile zito juu yake, unafunika, unapunguza moto chini na kupalia makaa juu ya kifuniko. Hapo usiufunue. Najua mkono unakuwasha. Usiufunue.

Samaki wakaenda kwenye makaa. Tui zito lililobaki nikalibandika kwa moto wa adabu, na manjano, pilipili na kitunguu saumu, mwiko unazunguka bila kukoma. Hapa ndipo palinizika miaka mitatu iliyopita. Tui hukatika likipata moto mkali na kuachwa peke yake, na ukilitilia uchachu likiwa linatokota kwa nguvu unalimaliza. Safari hii nililikoroga mpaka likawa zito linashika mwiko, nikaepua, ndipo nikatia maji ya ukwaju kidogo kidogo. Simu ilikuwa chumbani. Ililia, nikaisikia, nikaendelea kukoroga. Kisha ni kupaka na kugeuza, kupaka na kugeuza, mpaka samaki anang'aa na tui limemganda mgongoni na kuanza kuungua pembeni. Harufu ile ilishuka ngazi mpaka ujiani, jirani akagonga kuuliza kuna nini.

Mnajua kilichofuata. Alikula kimya. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na upawa kama askari. Akamaliza upande mmoja wa samaki, akaugeuza upande wa pili, akamaliza. Kisha yale maneno manne. Na baadaye, nilipokuwa natoa vyombo, nikamsikia anamwambia binti yake, "Na ukoko upo?" Mtu haulizi ukoko kwenye nyumba ambayo wali wake haukumpendeza.

Kwa hivyo dada wa Malindi, na wengine wote mnaotaka wikendi zenu zirudi: chagua shughuli moja. Pika chakula kimoja, ukipike kwa utulivu, vyakula vitatu vya haraka havina maana. Shika kazi moja ya mikono. Kila unaloombwa ambalo linaweza kungoja Jumanne, lingoje Jumanne. Nenda sokoni mapema. Nimeshasema kuhusu simu, narudia: iache chumbani. Mtaniambia mna watoto, mna wazazi, mna majukumu. Na mimi nimeokotwa wapi? Mzazi akiugua, mashua utaipanda usiku wa manane wala huulizi, hilo silo ninalolisema. Nasema kuhusu mitungi ya gesi ya majirani wenye vijana wanne nyumbani.

Binamu yangu, kama unasoma hii, na najua unasoma, Jumapili nyumba iko wazi. Njoo na mkeo. Leso nitakuwekea moja safi, utanisaidia kupepea moto.

Ila msikawie kunishauri, maana mama mkwe kabla ya kuondoka aliniambia safari ijayo angependa pweza wa nazi. Pweza sijapata kumpika. Mmoja ananiambia apigwepigwe kwanza mpaka alainike, mwengine anasema achemshwe kwa maji yake mwenyewe bila kutiwa chumvi. Wanaojua waniandikie kabla ya Ijumaa, Jumamosi alfajiri nitakuwa sokoni.