Herufi Saba na Neno Lililojificha

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Jioni hapa Ujiji tunashindana kuunda maneno ya Kiingereza kwa herufi tulizopewa. Juzi nilipewa A, E, I, N, R, S na T, nikaambulia "train" na "rest" tu, ilhali binti yangu wa darasa la saba alipata kumi na zaidi. Je, ni bahati? Mama wa Ujiji, Kigoma.

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yetu. Bahati haihusiki sana. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, hivyo jicho la Mswahili huhangaika kutafuta irabu baada ya kila konsonanti, ilhali Kiingereza hurundika konsonanti bila haya: chukua "train" yako, ibandike S mwishoni, upate "trains", kisha uihamishie mbele, upate "strain". Ukianza na kiambishi "re", herufi zilizosalia zitakupa "retains", neno linalomaliza zote saba. Ziandike herufi kwa duara, si kwa mstari, ili jicho lisizoee mpangilio mmoja. Ukipewa Q, itafute U kwanza. Na binti usimwonyeshe ukurasa huu.