Mkeka wa Lamu si wa mnazi

Kuna aliyesema mkeka wa Lamu unasukwa kwa majani ya mnazi. Hapana, mkeka huo si majani ya mnazi, ni ukindu, yani majani machanga ya mkindu, mti wa jamii ya mtende, yanaanikwa juani kisha yanachanwa membamba na yale ya rangi yanachemshwa na rangi kabla ya kusukwa. Mamangu anasuka huku Lamu mpaka leo ndo maana najua. Na mkeka hausukwi ukiwa mzima, unasukwa ukili, yani ukanda mwembamba mrefuuu, halafu unashonwa kwa kuzungusha, angalia vizuri utaona mshono, na kushona ndo kunachosha kweli lakini wanunuzi hawaihesabu kazi hiyo wakibishana bei. Ila majamvi, yani mikeka ile migumu, mara nyingi ni miyaa, majani ya mkoma, mti mwingine wa jamii hiyo ya mtende. Mnazi unatoa makuti ya kuezekea na kamba za makumbi, yale maganda ya nje ya nazi.