Traka inarusha vizuri ila kwenye ramani haupo? Tatizo ni igeti

Mkuu uliyeuliza kwa nini traka yako ya APRS (mfumo wa redio za ridhaa wa kutuma mahali ulipo na meseji fupi) inarusha vizuri kwenye 144.800 MHz afu ukifungua ramani ya aprs.fi hujioni, usianze kufungua redio. Paketi yako (kifurushi kidogo cha data) inaenda hewani na inaishia hapohapo, maana hakuna igeti, yaani kituo cha kuisikia na kuiingiza intaneti. Ulaya hilo hawaliwazi kwa sababu ukitoka mji mmoja unaingia kwenye masikio ya igeti nyingine, huku kwetu kuna maeneo makubwa tu hakuna kitu, na kuongeza WIDE2-2 kwenye njia (ombi la paketi irudiwe mara mbili) hakusaidii kama hakuna digipita, yaani kituo cha kurudia paketi hewani.

Kwa iyo dawa ni kuweka igeti yako mwenyewe nyumbani. Mimi natumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, programu ya Direwolf inayosoma paketi kutoka kwenye sauti ya redio, na redio ya mkononi ya bei chee iliyofungwa kwenye antena ya nje. Kwenye faili la mipangilio la Direwolf unaandika IGSERVER euro.aprs2.net (seva ya kupokea paketi), halafu IGLOGIN na kolisaini yako (jina lako la redio kwenye leseni) ikiishia na -10 (watu wengi ndo wanaitumia kwa igeti) pamoja na paskodi. Paskodi yenyewe inakokotolewa tu kutoka kwenye kolisaini, sio siri ya benki, lakini leseni uwe nayo kweli, kwa Bongo inatolewa na TCRA, usije ukajibandika kolisaini ya kubuni inayoanza na 5H, alama ya Tanzania.

Sehemu inayosumbua watu ni sauti. Hizi redio za mkononi zina kitu kinaitwa SAVE, inalala kidogo kuokoa betri afu inaamka, sasa paketi ya kasi ya 1200 (biti 1200 kwa sekunde) ni fupi sana, redio ikichelewa kuamka kichwa cha paketi kimeshapita na Direwolf haioni kitu. Zima SAVE, weka SQL (squelch, kinachozima kelele) 0 ile shhhh iingie muda wote kwenye saundi kadi, wala usiogope, programu inajua kuchambua. Kila paketi ikiingia itakuandikia "audio level", cheza na volyumu mpaka ikae karibu na 50. Watu wanaweka volyumu ya juu wakidhani ndo inasikia mbali, kumbe mawimbi yanakatwa vichwa na inasoma vibaya zaidi.

Sasa hapa najua tutabishana. Wengi watakwambia nunua kile kidongo cha RTL-SDR (kipokea redio cha kuchomeka USB) uweke igeti ya kusikiliza tu, rahisi na hairushi chochote. Kwa mji wenye igeti nyingine za kurusha sawa, ila kama wewe ndo igeti pekee eneo zima hiyo ni kazi nusu. Marehemu Bob Bruninga, WB4APR, aliyeibuni APRS, alikuwa anarudia kila mara kwamba huu sio mfumo wa kufuatilia magari, ni wa mawasiliano ya pande mbili. Jamaa yuko porini hana bando, anatuma meseji, inafika intaneti, anajibiwa, na jibu linakufa kwenye seva kwa sababu igeti yako haina mdomo. Ongeza mstari wa IGTXVIA 0 WIDE1-1 unaoiruhusu igeti kurusha, na IGTXLIMIT 6 10 (kikomo cha paketi 6 kwa dakika moja na 10 kwa dakika tano) isije ikajaza hewa, basi. Usihofie intaneti yote kumwagika kwenye redio, Direwolf inarusha meseji zinazokwenda kwa watu iliowasikia karibuni hapo jirani.

Na wakati unasubiri vifaa, jaribu 145.825, kituo cha anga za juu cha ISS kinakuwaga na digipita yake huko wakiwa wameiwasha. Kikipita juu kwa zile dakika chache, paketi yako inaweza kudakwa na igeti ya nchi nyingine kabisa.

Igeti ikishawaka nenda aprs.fi kwenye paketi ghafi uangalie njia. Ukikuta alama ya qAR ikifuatiwa na kolisaini yako ya -10, igeti inarusha na kupokea. Ukikuta qAO (igeti ya kupokea tu), mstari wa IGTXVIA haujakaa sawa, tupia hapa hilo faili tuliangalie (paskodi ifute kwanza).